Kuagizia Kumi na Watano

Wamenipa menyu kwa sababu ndimi mshika daftari.
"Agiza wewe, Mwanahawa, ndiye ajuaye kugawa."
Mimi najua kilo, najua gunia, najua makato ya ushirika,
korosho ya daraja la kwanza naitambua gizani kwa kidole.
Samaki mbichi sijui anagawiwaje.

Msimu umefungwa. Tulipiga kura: tisa kwa sita,
tule chakula cha Wajapani, Shangani, ghorofa ya juu.
Wale sita waliokataa
ndio waliopendeza kuliko sote.
Taa zimevishwa karatasi kama zinaona haya,
na viti vimenyooka mgongo kutushinda.

Nimeanza na masharti.
Bi Fatu ana sukari.
Rehema Nandonde hali chochote kinachoweza kumtazama.
Asumini anataka kujua, kwa sauti, meza ya jirani isikie,
kama wali wao umetiwa mvinyo,
na kijana wa kuhudumia, mkanda mweusi kiunoni,
kaenda jikoni, karudi:
"Wali una siki tu, mama. Ila ule mchuzi wa kuku, uacheni."
Kuku nikamkata kwa ukucha.

Sahani moja, vipande vinane.
Nani alianzisha hesabu ya nane?
Sahani mbili ni kumi na sita:
kimoja kinabaki, na kimoja kinatosha kuvunja kikundi.

Kijana akainama. Lafudhi ya Newala ikamponyoka.
"Msiagize vyote kwa mkupuo, mama zangu.
Vya baridi kwanza. Kisha vya motoni.
Wali na tambi mwisho, kwa ajili ya wasioshiba."
Wasioshiba tukajitaja kwa majina.

Sinia la nyumbani lina sheria: kula mbele yako.
Mkono usivuke, jicho lisivuke,
nyama ikae katikati mpaka mkubwa aigawe.
Hapa sahani zinakuja ndogondogo, moja moja,
kama wageni waliochelewa harusi,
na hakuna mwenye mbele yake.
Ukitaka biringanya, omba.
Ukiombwa, sogeza.
Nimemsikia Asumini akimwambia Bi Fatu "tafadhali"
kwa mara ya kwanza tangu kesi ya ule mzani.

Halafu akaja pweza.
Mwembamba, ungeweza kusoma risiti kupitia kwake,
kapangwa duara, na jani moja juu,
jani la nini hakuna aliyethubutu kuuliza.
Somoe wa Msimbati alinyamaza.
Somoe amewachokoa hawa kwa nondo, maji magotini,
akawapigiza jiweni hadi mkono ukafa ganzi,
akawauza kwa bei ambayo hapa hainunui hata lile jani.
Vijiti akavilaza pembeni.
Akainua kipande kwa vidole, akakielekeza kwenye taa,
akatafuna. Akatafuna.
"Huyu," akasema, "hakupigwa vya kutosha."

Mishikaki ya kamba ilipofika, ilikuwa kumi na minne.
Nikamwita kijana, uso nimeukaza kama siku ya mnada.
Karatasi yake: kumi na minne, kwa kauli yangu.
Nikahesabu vichwa upya,
kutoka kwa Bi Fatu, kuzunguka, mpaka kwa Rehema.
Kumi na wanne.
Nikarudia, kinyumenyume.
Kumi na wanne.

Mabega ya Somoe yakaanza kutikisika.
"Miaka sita daftari halijapoteza senti,
leo limempoteza mwenyewe!"

Wakanisogezea: huyu nusu, huyu mkia,
Rehema kichwa chenye macho yake yote mawili.
Na kile kipande cha kumi na sita,
ambacho tangu jioni kilikaa peke yake sahanini
na kila mtu akijifanya hakioni,
Asumini akakizungusha mpaka kwangu.

Nikakila kwa vijiti.
Kiliniponyoka mara mbili.